Amplifaya ya Mahari

Harufu ya risasi ikiyeyuka juu ya waya hunikuta mahali nisipoitarajia. Juzi ilinikuta Ndia Kuu, nje ya kiduka cha kutengeneza simu, kando ya mlango wa nakshi ambao watalii hupenda kupigia picha. Kijana alikuwa ameinamia simu ya mtu, chuma chake cha kulehemu kikitoa uzi mwembamba wa moshi, nami nikasimama pale kama niliyeitwa jina. Wenzangu ukiwauliza harufu ya utoto wao watakwambia asumini, au viungo vya pilau siku ya Idi. Yangu ni hiyo ya risasi, chungu kidogo, yenye kukwaruza koo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiivuta kwa furaha. Siku hizi nikiipata hukaza mwendo.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Duka lake lilikuwa chini ya nyumba yetu, ndani ya kichochoro kinachotoka Ndia Kuu kuteremka upande wa bahari. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na rafu zilizojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Watu walimpenda. Alikuwa mpole, hapazi sauti, hamtani mtu akamuumiza. Na kazi yake ilikuwa safi. Kila alipomaliza kufunga waya kwa tepu nyeusi, alikuwa akiikunja ncha ya tepu ikawa kama kisikio, ili fundi atakayekuja baada yake aibandue bila kuhangaika na kucha. Sikupata kumwona fundi mwingine akifanya hivyo. "Yule atakayefungua kesho ni mgeni wako," alikuwa akiniambia. "Mwachie mlango." Niliamini hapakuwa na mtu mwenye adabu kumshinda baba yangu katika kisiwa chote cha Mombasa.

Mama alikuwa mpiga gitaa. Mjini kwetu wanawake walikuwa na vikundi vyao vya taarabu, wakipigiana wenyewe kwa wenyewe katika sherehe zao, na mwanamke kupiga tari au kinanda halikuwa jambo la kushangaza. Gitaa la umeme ndilo lililowafanya watu watazame mara mbili. Alifundishwa na kaka yake, na huyo kaka alipokwenda zake Arabuni kutafuta maisha, gitaa likabaki kwa mama. Basi alipokuja kuposwa, bibi yangu akamwuliza ataka mahari gani. Wenzake walikuwa wametaka bangili na mikufu. Mama akasema ataka amplifaya.

Kisa hicho kilisimuliwa nyumbani mpaka nikakijua kwa moyo. Bibi alimwambia, "Salma, mwanangu, watu huvaa mahari yao shingoni. Hayo yako utayavaa wapi?" Mama akajibu, "Yangu ntayasikia." Baba, kijana fundi aliyekuwa hajiwezi kwa mapenzi, akakubali papo hapo. Akaileta mwenyewe juu ya mkokoteni, imefunikwa shuka nyeupe, na watoto wa mtaa wakaifuata nyuma wakidhani ni keki. Siku ya nikaha kadhi alipoambiwa mahari ni amplifaya moja aliomba arudiliwe, hakusikia vizuri. Akarudiliwa. Akaoza.

Nayaeleza haya kwa sababu ndiyo chanzo cha yote. Mahari ni haki ya mke. Mume hawezi kuyauza, wala kumpa mtu, wala kuyaondoa nyumbani bila ya idhini yake. Kila kitu katika nyumba yetu kilikuwa cha baba, isipokuwa lile sanduku jeusi lenye kitambaa cha fedha mbele na taa ndogo nyekundu. Wageni walioneshwa kama mtu anavyooneshwa mtoto mchanga. Paka wetu alilala juu yake kwa sababu ya joto. Mama alipokuwa akifanya mazoezi alasiri, mimi nilikuwa nikiegemeza mgongo wangu kwenye kile kitambaa, na nyuzi za gitaa zilikuwa zikilia ndani ya mbavu zangu.

Katika sherehe za wanawake, wanaume hawaingii. Hukaa nje barazani, kahawa ikizunguka, wakisubiri wake zao. Sisi watoto wadogo tulikuwa na ruhusa ya pande zote mbili, kwa hiyo mimi nilikuwa mjumbe. Nilikuwa nikitoka nje kumwambia baba mama ataka koti lake, nikirudi ndani na jibu. Kule ndani palikuwa na udi, na vicheko, na wanawake waliovua mabuibui wakawa watu wengine kabisa. Nje palikuwa na wanaume wanaojifanya hawasikilizi. Lakini walisikiliza. Ukuta huzuia macho, hauzuii spika.

Siku moja nilikuwa nje nimeshika mkono wa baba, mama akaanza kuimba huku akipiga. Baraza likanyamaa. Mzee mmoja mwenye kikombe mkononi akauliza, "Sauti ya nani hino?" Akasema tena, "Maashallah. Mwenye mke huyu si halali kwake kutoka nyumbani." Wakacheka, na mmoja akamtupia baba jicho. Mimi kwa fahari nikapaza sauti: "Ni mamangu!" Baba akanibinya mkono. Alinibinya sana, hata nikatoa machozi kidogo. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Sasa niseme ya dukani. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, na hata angekuwa naye nadhani bado angenifundisha mimi, maana nilikuwa nikipenda kuuliza. Watu walikuwa wakileta redio na amplifaya zenye mvumo, ule mlio wa chini usiokoma, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Baba alikuwa na njia yake ya kuutafuta. "Mvumo ni mwizi aliye ndani ya nyumba," alinifundisha. "Usimkimbize ovyo, atakuchosha. Funga milango, mmoja mmoja. Chumba atakachobaki, ndicho." Kwanza chomoa waya wa gitaa au wa kipaza sauti, mvumo ukinyamaza, mwizi yuko huko nje. Usiponyamaza, teremsha sauti mpaka mwisho; ukibaki vilevile, mwizi yu ndani, upande wa umeme. Badilisha soketi. Tazama plagi. Kisha gusa bati la mashine kwa mgongo wa mkono. Usiguse kwa kiganja, maana kiganja kikipatwa na umeme hujifumba na kung'ang'ania. Ukihisi kutekenywa, basi tafuta waya wa kijani wenye mstari wa manjano.

"Huo wa nini, baba?"

"Huo wa ardhi. Umeme uliopotea ndia, huuchukua ukaupeleka chini, kabla haujampata mtu."

"Na ukikatika?"

Alifikiri kidogo, akatabasamu. "Ukikatika, mama, basi mtu ndiye huwa waya."

Alikuwa akiniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Maneno hayo sikupata kuyasahau, na wala sikuyaelewa.

Kuna alasiri moja naikumbuka kuliko zote. Nilirudi kutoka madrasa nikamkuta baba dukani na amplifaya ya mama juu ya meza, mgongo wake umefunguliwa. Sikuwa nimepata kuyaona matumbo yake. Nikapanda juu ya kiti. Baba hakuniona mpaka nilipouliza anafanya nini, naye akashtuka, plaisi ikamtoka mkononi ikaanguka sakafuni. "Nayatazama tu," akasema. "Ya mamako yataka kutazamwa." Nikamtazama akifunga tepu nyeusi juu ya ncha ya waya, taratibu, raundi kwa raundi, na mwisho akakunja kile kisikio chake. Nikaona anamfunga mgonjwa kidonda. Akanikatia kipande cha tepu kilichobaki, nikajifunga kidoleni kikawa pete, nikapanda juu kwa mama kumwambia baba ameitia dawa amplifaya yake. Mama alifurahi. Akateremka akamshukuru.

Sijilaumu kwa hilo. Mtoto huona kila kitu na haelewi hata kimoja, na anayepaswa kuona haya si mtoto.

Mvumo ulianza katika sherehe iliyofuata, hina ya msichana wa jirani, uani kwao, alasiri. Mama alichomeka gitaa, akawasha, na uwanja mzima ukajaa wale nyuki. Wanawake wakageuka. Bi Mishi, mkuu wa kikundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akamwambia, "Salma, mbona mashine yako yalia kabla ya wewe?" Mama akacheka, akanituma nje mbio.

"Baba, mama yuwasema yavuma."

"Mwambie abadilishe soketi."

Nikarudi. Soketi ikabadilishwa. Nyuki walewale. Nikatoka tena.

"Mwambie achomoe waya wa gitaa, apulize, achomeke tena."

Apulize! Hata mimi nilijua kupuliza hakumo katika ile milango yake. Lakini alikuwa baba, na baba hakosei kwenye nyaya, kwa hiyo nikadhani amenificha mlango mmoja. Wanaume barazani walikuwa wameanza. "Mganga hajigangi!" alisema yule mzee, na wote wakacheka, na baba naye akacheka pamoja nao, akanyoosha kikombe aongezwe kahawa. Nilimwonea fahari kwa kuwa hakuvunjika moyo.

Ndani, mama alikuwa ameamua kuimba hivyohivyo. Akafungua ubeti, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti cha kikundi, vidole vikiwa juu ya nyuzi, na ghafla akaruka nyuma akashika midomo. Wanawake walidhani amesahau maneno. Akajaribu tena, akaruka tena. Nilikuwa karibu na magoti yake, nikayaona macho yake. Hayakuwa macho ya aliyesahau maneno. Nikatoka mbio nikiwa sina viatu.

"Baba! Kipaza sauti chamuuma mama midomo!"

Aliteremsha kikombe. Akakitazama kile kikombe kwa muda, kama kuna mdudu ndani. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Basi mwambie asiimbe."

Nilidhani ni huruma. Nilirudi ndani nikalia, nikamwambia mama, "Baba yuwakuonea huruma, asema usiimbe." Na mama akaweka gitaa chini.

Ikawa hivyo katika kila sherehe. Baba aliifungua amplifaya tena na tena nyumbani, mbele ya mama, akitikisa kichwa. Ilikuwa ikitaka kifaa kutoka Dubai, akasema. Kifaa kikawa hakiji. Mama angeweza kuipeleka kwa fundi mwingine. Kulikuwa na mmoja hatua chache tu kupita sokoni. Bibi alimshauri hivyo. Mama alikataa katakata. "Mke wa fundi apeleke mashine kwa fundi mwingine? Mji mzima utamcheka mume wangu." Alimstiri. Neno hilo hulirudia kila nikikumbuka: alimstiri.

Hatimaye Bi Mishi akaja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akalisema lililomleta. "Salma, nakupenda, wajua. Lakini harusi ya watu si mahali pa kujaribia mashine. Nimepata msichana wa kinanda." Alipokuwa akitoka, akiwa ameshika mlango, akaongeza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayekutakia kheri: "Na wewe nawe jifikirie. Kitu kikikuuma mdomo kila ukikifungua, huenda ni Mungu akukataza."

Mama alilirudia neno hilo mbele ya baba wakati wa chakula. Alilirudia kwa kicheko, lakini alikuwa akimtazama, akingoja aliondoe. Yeye alikuwa fundi. Angesema tu, "Upuuzi, ni waya." Maneno matatu. Baba alinawa mikono, akajifuta, akasema kwa ule upole wake uliosifika: "Mimi sikukatazi, Salma. Hujanisikia hata siku moja nakukataza. Lakini mimi fundi nimetazama tena, hata si hicho kifaa; sioni kasoro. Sasa kama si la fundi, basi nani mimi niingie baina yako na Mola wako?"

Niliyaona maneno hayo mazuri sana. Niliyaona kama maneno ya msikitini.

Mama aliacha. Gitaa likafungwa kwa kanga likawekwa juu ya kabati, amplifaya ikateremshwa dukani, chini ya meza, ikawa kiti cha wateja. Hakuacha harusi tu. Jikoni alikuwa akiimba akikuna nazi, aliacha. Alikuwa akinilaza kwa nyimbo. Akaanza kunilaza kwa uradi. Akawa mtu wa kufunga kila Jumatatu na Alhamisi, akimwomba Mungu amsamehe kwa alichokuwa akikipenda. Na akapata tabia ambayo anayo mpaka leo: katikati ya mazungumzo hujipangusa midomo kwa mgongo wa mkono, kama kuna kitu kimekaa hapo. Mimi nilimkasirikia Mungu kwa siri. Niliona amekosa kazi ya kufanya, akija mpaka uani kwa watu kumchoma mama yangu.

Baba alifariki akiwa mzee, kitandani kwake, bila kumsumbua mtu. Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Kabla ya jeneza kutoka, ami yangu alikuja akasimama nyuma ya pazia la wanawake, kama ilivyo ada, akauliza: "Salma, mumeo yuwatoka nyumbani kwako. Umemsamehe?" Mama akajibu kwa sauti iliyosikika na wote: "Nimemsamehe duniani na akhera. Mahari yangu alinipa kamili, na hakupata kunikataza jambo." Wanawake wakalia. "Mume gani huyo!" wakasema. "Hata gitaa alimwachia!" Nami nililia kwa sauti, mtoto wa mtu mwema.

Mama akaingia edani, na mimi nikawa nakuja kutoka kwangu Tudor kila nipatapo nafasi kulisafisha duka, maana tulikuwa tumeamua kulikodisha. Chini ya meza nikaikuta amplifaya, imekaliwa mpaka ngozi yake ya juu imepasuka. Nilitaka kumfanyia mama kitu kizuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu. Nikasema nitautafuta ule mvumo kwa njia ya baba, nimalize kazi iliyomshinda, na mama atakapotoka edani aikute nzima. Gitaa nililiteremsha kabatini huku mama akidhani natoa nguo za kufua. Sikupiga nyimbo nyumbani kwa mfiwa. Nilichomeka tu na kusikiliza.

Nyuki walikuwapo. Nikachomoa waya wa gitaa, walipungua, hawakunyamaza. Nikateremsha sauti mpaka mwisho, walikuwapo. Nikabadilisha soketi. Nikafungua plagi, nyaya tatu, zote mahali pake, zimekazwa kwa mkono wake. Nikagusa bati kwa mgongo wa mkono. Nikatekenywa mpaka kiwikoni. Hapo nilikwisha jua mwizi yuko chumba gani, na bado nilikuwa nikitabasamu, maana ilikuwa ni kama baba amesimama nyuma yangu ananisahihisha. Nikachomoa umeme, nikachukua bisibisi, nikafungua mgongo. Wazee husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikaingia.

Waya wa kijani wenye mstari wa manjano ulikuwa umekatwa kwa plaisi, mkato mmoja, safi, hapo unapoungana na bati. Ncha yake ilikuwa imekunjwa nyuma, imefichwa chini ya transfoma, imefungwa tepu nyeusi raundi kwa raundi. Na mwisho wa tepu kulikuwa na kisikio.

Nilikibandua kwa vidole viwili, bila kuhangaika na kucha. Mgeni aliyeachiwa mlango alikuwa mimi.

Nilikaa sakafuni. Ile alasiri ya pete ya tepu ilinirudia yote: plaisi ikianguka, "nayatazama tu", mama akiteremka kushukuru. Baba hakuweza kuyauza mahari ya mkewe. Hakuweza kuyaondoa. Kumkataza hakutaka, kwa sababu alipenda kuitwa mume asiyekataza, na jina hilo alilipata, akazikwa nalo. Basi akaikata ardhi akamwacha mke wake awe waya. Fundi mzima, aliyenifundisha kwa kinywa chake huyo mtu huwa nini. Hakuna wa kuniambia hakujua. Angeweza kumuua, mbele ya wanawake wenye hina mikononi, naye nje akiongezewa kahawa. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia palepale, miongoni mwa vitu vyake, na harufu yake bado iko kwenye koti lililotundikwa mlangoni.

Niliulehemu ule waya mahali pake. Nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, na dukani hamkusikika kitu.

Kilichonitesa siku zote za eda ni kumwambia au kutomwambia. Nikinyamaza, mama atakufa akiamini Mungu aliikataa sauti yake. Nikisema, nitamrudishia Mungu wake na kumnyang'anya mume, mjane aliyebakiwa na hilo neno moja tu la kujifariji, kwamba hakukatazwa. Nilikuwa nikipanda ngazi na chakula chake, nikimkuta kwa nguo zake nyeupe, anajipangusa midomo, ananisimulia wema wa baba. Nilikuwa nikiitikia huku nikitazama sahani.

Alipotoka edani, akaoga, akajifukiza udi, nikaipandisha amplifaya mpaka chumbani kwake. Nikaweka na gitaa. Sikuwa nimeamua la kusema. Mama aliitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyegombana naye zamani.

"Yataka nini huku?"

"Iguse, mama."

"Siigusi."

"Nimeitengeneza. Iguse kwa mgongo wa mkono."

Alikuwa mke wa fundi. Alijua kwa nini mgongo wa mkono. Akagusa, akangoja. Akakibandika kiganja kizima juu ya bati, akakiacha hapo. Nikawasha, nikapandisha sauti. Hakukuvuma kitu. Kutoka dirishani zilisikika sauti za watu wakipita kichochoroni, na mtoto akimwita mwenzake.

"Lilikuwa nini?" akauliza.

"Waya wa ardhi."

Hakuuliza umefanywaje. Akauliza jingine.

"Ulifungwa tepu?"

"Ulifungwa."

"Ncha ilikunjwa?"

Ningeweza kusema uongo. Ulikuwa hapo, mwepesi, karibu na ulimi. "Ilikunjwa, mama," nikasema.

Alikaa kitandani. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayerudi nyuma chumba kwa chumba katika nyumba aliyokaa maisha yake yote. Akasema, "Nami nikimwomba Mungu msamaha. Miaka yote hino, mwanangu, namwomba msamaha kwa kosa asilokuwa na habari nalo."

Akalivuta gitaa mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimelainika, sugu zote zimetoka, na viungo vyake siku hizi havikunjiki vizuri. Alibonyeza uzi mmoja, akauma meno kwa maumivu, akaupiga. Ukalia safi. Akaufuata kwa mwingine, akaukosa, akalilaza gitaa kando. Wakati wake ulikuwa umekwisha pita, na sote wawili tulilijua hilo bila kuambizana.

"Na yeye je?" nikauliza. "Humsemi neno?"

"Neno langu nlilisema mbele ya watu, na jeneza likatoka kwa neno hilo. Siwezi kumfuata kaburini nikalirudishe." Akajipangusa midomo kwa mgongo wa mkono, akashtuka alipojiona anavyofanya, akauteremsha mkono akaushika kwa mwenziwe. Kisha akanitazama sawasawa. "Lakini wewe, hakuna aliyekuuliza."

Amplifaya iko kwangu Tudor sasa; alisema niichukue, maana mahari ni yake na humpa amtakaye. Watu wakinikuta Ndia Kuu bado hunisimamisha wakaniambia, babako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Nami huitikia amin, kwa adabu, kwa kuwa rehema ni ya Mungu, aitoe apendavyo. Msamaha wangu ni wangu. Mama alisema kweli, na mpaka leo hajatokea mtu wa kuniuliza.